Fundi Niliyemfungia Mlango wa Darasa

Wanangu mnaomaliza darasa la tisa, mwalimu mkuu wa shule niliyoitumikia kwa miaka ishirini na miwili ameniomba niwaandikie kurasa chache, ili mtakapopewa karatasi ya kuchagua mkondo msiuogope ufundi. Alitaka sifa. Sifa za ufundi ninazo nyingi, na kwa miaka yote hiyo nilizitoa mbele ya wazazi nikiwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Lakini sasa nimetimiza miaka sitini na tisa, na jambo ninalolijua vizuri kuliko mengine kuhusu kuutetea ufundi mashuleni ni namna nilivyoutetea vibaya. Hilo ndilo nitakaloliandika, naye akiona halifai, alirudishe.

Kazi yangu ilikuwa kusuka mota za umeme. Kwa asiyejua, ndani ya mota kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi na kulazwa katika mifereji ya chuma. Waya huo ukiungua, mashine ya kusaga mahindi au pampu ya maji hunyamaza, na fundi hana budi kuutoa wote na kuuzungusha upya, mzunguko kwa mzunguko. Sikujifunza kazi hii shuleni. Nilifundishwa na mume wangu, Rajabu, katika karakana yake ya mtaa wa Cibitoke. Nilianza kwa kumpelekea chakula cha mchana kutoka nyumbani kwetu, mtaa wa Ngagara. Siku moja aliona kwamba vidole vyangu ni vyembamba kuliko vyake, akanipa kazi ya kusukuma karatasi ngumu ndani ya mifereji, ile karatasi inayozuia waya kugusa chuma. Binti yetu Asha alikuwa na miaka minne. Alilala juu ya magunia, nami nikasukuma karatasi.

Kosa langu la kwanza nililifanya Jumanne, siku ya tisa tangu nianze. Mama mmoja wa Gasenyi, tuliyemwita Mama Donata, alikuwa ameleta mota ya mashine yake ya unga. Rajabu alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri, nami kwa bidii yangu nikachukua patasi na nyundo, nikakata waya wote ulioungua, nikausukuma nje, nikafagia. Aliporudi mota ilikuwa tupu kama sufuria.

“Umeisha kuhesabu?” akaniuliza.

“Kuhesabu nini?”

Akakaa juu ya kigoda, akaangalia ile shaba niliyoirundika kwenye ndoo. “Mama Asha,” akasema, “umechoma kitabu mbele ya kukisoma.”

Aliyesema hivyo alikuwa mtu asiyejua kusoma hata jina lake. Lakini alikuwa sahihi kabisa. Waya wa zamani ndio unaomwambia fundi ni mizunguko mingapi, unene gani, na ncha zipi zimeunganishwa na zipi. Ninyi leo hupiga picha kwa simu kabla ya kukata, na mnafanya vizuri, ila simu haihesabu mizunguko: hiyo bado ni kazi ya kidole. Kuhusu kile kibati kinachobandikwa ubavuni mwa mota kule kiwandani, chenye namba na nguvu zake, Rajabu hakukitegemea. “Kibati ni kama jina ya mutu,” alisema. “Jina haikuambie kama ni muzima.”

Ilituchukua siku tatu kukisia kile nilichokiharibu kwa nusu saa. Kila asubuhi, saa moja na nusu, Mama Donata alisimama mlangoni.

“Fundi, kule kwetu watu wanakula maharage bila bugali. Niwaambie nini?”

“Waambie watafune pole pole.”

“Meno iko, Fundi. Bunga njo haiko.”

Rajabu hakumwambia kamwe kwamba kosa lilikuwa langu. Zingatieni jambo hilo, kwa sababu hakulifanya mara moja tu.

Alikuwa na desturi ambayo mtaa wote uliijua. Alihesabu mizunguko kwa tasbihi kuukuu, punje moja kwa kila mizunguko kumi, na akiwa anahesabu hakuna aliyemsalimu. Mtu alisimama mlangoni, akasubiri mpaka Rajabu ainue kidole, ndipo salamu zikaanza. Siku moja alikuja mzee wa msikitini ambaye hakuzoea kusubiri. Akatoa salamu kwa sauti, hakujibiwa, akanuna. Coil, yaani lile fungu la waya, ilipokamilika, Rajabu akasimama, akampa mikono miwili.

“Salamu yako niliijibu mu roho, Mzee. Nilikuwa kwenye themanini na saba. Ningefungua kinywa, ningerudi kwenye moja.”

“Kwa hiyo mi niko nyuma ya waya?”

“Apana, Mzee. Uko nyuma ya mama anayengoja bunga.”

Mzee alicheka mpaka akaketi, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewanyamazisha wengine mlangoni.

Mimi mwenyewe shule niliiacha nikiwa darasa la tatu. Nilirudi nikiwa na miaka thelathini na miezi miwili, Jumatatu ya pili ya mwezi wa kumi, saa kumi na moja jioni, katika darasa la watu wazima ambamo mwalimu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita. Nilimaliza baada ya miaka minane na diploma ya umeme. Miaka yote minane, Rajabu ndiye aliyepika chakula cha jioni. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa na ulimi mwepesi, alimkuta akisonga bugali uani.

“Rajabu, siku hizi njo we bibi wa nyumba?”

“Mi napika, Mama Asha anasoma,” akajibu bila kuacha mwiko. “Akimaliza, tutakuwa tumesoma wawili.”

Nilipoajiriwa kufundisha katika karakana ya shule, ufundi ulikuwa mkondo wa adhabu. Aliyefaulu alipelekwa kwingine. Aliyebaki alipelekwa kwetu. Kila mwezi wa tano tulikutana na wazazi ili kuwashawishi. Katika mkutano wangu wa kwanza baba mmoja, mwenye tai na viatu vinavyong’aa, aliinua mkono.

“Madamu, mutoto wangu amepata alama muzuri. Munataka akashike grisi?”

Ukumbi ukacheka. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na jina la mtu. Ningeweza kusema: baba Asha anashika grisi, naye ndiye mwenye akili kuliko wote ninaowajua. Sikusema. Badala yake nilikwenda nikashona makoti meupe kwa ajili ya wanafunzi wote, nikabandika majedwali ya namba kwenye kuta, nikaagiza kifaa cha kuhesabia mizunguko, nikapiga marufuku mtu yeyote kuonekana na mikono michafu siku ya wageni. Wazazi walianza kuja. Mkuu wa shule wakati huo, tuliyemwita Direkta, alinipongeza mbele ya wenzangu. Nilijifunza kuuza ufundi kwa kuificha mikono yake, na niliuza vizuri.

Kisha ikaja siku ya wageni ya mwaka wangu wa sita. Mwanafunzi wangu bora, Evelina, msichana mtulivu wa Gasenyi, alikuwa amesuka mota kwa kufuata jedwali na namba za kibati, bila kosa hata moja. Nilikuwa nimekagua mwenyewe. Tukaiwasha mbele ya wazazi. Ilizunguka kwa dakika nne hivi, ikaanza kulia kama mbuzi, kisha moshi mweupe ukatoka ubavuni. Wazazi wa mstari wa mbele wakahama viti. Nikatangaza kwamba waya tuliouziwa ulikuwa mbovu. Evelina aliniangalia, alijua kwamba waya ulikuwa mzuri.

Kesho yake, Jumamosi, Direkta aliitia mota hiyo katika gari lake, tukaenda nayo Cibitoke. Rajabu hata hakuifungua. Aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kando ya kibati, juu ya ribiti, vile vijisumari vinavyokibana.

“Hii kibati si ya hii moteri,” akasema.

“Umejuaje, Fundi?” Direkta akainama.

“Angalia matundu. Iko ine. Ribiti iko mbili tu. Hayo mengine mbili ni ya kibati yake ya kwanza. Kuna mutu alitoa kibati ku moteri ingine akaiweka hapa, ili mununuzi apende namba.”

Jedwali langu lilikuwa sahihi, na hesabu ya Evelina ilikuwa sahihi. Tulikuwa tumehesabu mota nyingine. Direkta aligusa matundu yale mawili matupu, akacheka kwa mshangao, akamwomba Rajabu amwonyeshe na mengine. Walikaa saa nzima. Mimi nilisimama karibu na mlango nikiwa na mkoba wangu mkononi.

Jumanne iliyofuata, saa nne na dakika kumi asubuhi, Direkta aliniita ofisini. Alitaka Rajabu aje shuleni kila Jumatano asubuhi, kwa muda wa saa mbili, awafundishe watoto kuangalia na kusikiliza. Tayari alikuwa ameandika ratiba kwa penseli.

“Hana nafasi,” nikasema.

“Hata saa mbili?”

“Kazi zimemzidi. Na tena, Bwana Direkta, hajui kushika chaki.”

“Simwombi aandike. Aongee tu.”

“Ataongea Kiswahili cha karakana. Wazazi ndio kwanza wameanza kutuamini. Wakisikia tumewaletea watoto wao mtu asiyejua kusoma, watasema nini?”

Direkta alifikiri kidogo, akafuta penseli. “Wewe ndiye unayemfahamu,” akasema.

Sikuwa nimemuuliza Rajabu. Nataka mlielewe vizuri: hakuna aliyemuuliza. Nilimfungia mlango wa darasa mtu aliyepika kwa miaka minane ili mimi niufungue, kisha nikaenda kufundisha kipindi changu cha saa tano.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Direkta alipita karakana ya Rajabu akiwa na pampu ya shule. Nilikuwepo. Rajabu alikuwa anahesabu, na Direkta, ambaye hakuijua desturi ya mlangoni, akasema bila kusubiri: “Fundi, nilisikitika sana kusikia kwamba huna nafasi ya kuja Jumatano asubuhi kutufundishia watoto.”

Mkono wa Rajabu ukasimama. Katika miaka yote niliyokaa naye, hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akipotea katika hesabu. Hakunitazama.

“Ee, Direkta,” akasema. “Kazi ni mingi.”

Direkta alipoondoka, aliufungua waya wote aliokwisha kuuzungusha, akaanza tena kwenye moja. Jioni, akinawa mikono kabla ya kula, aliniuliza: “Hao watoto wako, ni wangapi?”

“Kumi na tisa.”

“Kumi na tisa,” akarudia, akachukua taulo. Nikapakua chakula.

Nilichomfanyia nilikifahamu mwishoni mwa mwezi huo. Mama Donata, ambaye kwa wakati huu alikuwa amezeeka na kuwa rafiki yetu, alinikuta sokoni. “Mwalimu, bwana yako ameingia dini gani? Jumatano asubuhi hapokei moteri ya mutu. Nimemupelekea yangu, anasema nirudi saa sita.” Jumatano iliyofuata masomo yaliahirishwa kwa sababu ya mkutano wa walimu wa mchana, nikapita Cibitoke saa tatu bila kumwarifu. Alikuwa amevaa shati lake la Idi. Meza ilikuwa imefutwa, na juu yake alikuwa amepanga mota moja iliyofunguliwa, kila kipande peke yake, kuanzia kikubwa hadi kidogo, kama mtu anayengoja kuonyesha.

“Leo hamufundishe?” akauliza.

“Tuna mkutano mchana.”

“Ah.” Akachukua kitambaa, akaifunika mota.

Wakati ule ungenitosha. Sentensi moja ingenitosha. Nilimwambia shati lisije likashika mafuta, nikaondoka.

Nilihesabu baadaye katika shajara yangu: Jumatano kumi na nne za masomo alizoziacha wazi. Shuleni nilikuwa nimeanza kuwafundisha watoto kuhusu matundu ya ribiti. Evelina akaniuliza: “Madamu, hii ulisoma wapi? Mu kitabu haiko.” Nikamjibu: “Ni uzoefu.” Sikusema uzoefu wa nani. Ndipo dhamiri iliyokuwa ikininyima usingizi ilipoanza kunifuata hata mchana, mpaka likizo ya Pasaka ikafika, nikaenda kwa Direkta, nikamwambia ukweli wote. Hakunikaripia. Alichukua penseli, akaandika tena: Jumatano ya kwanza ya muhula wa tatu. Siku niliyoungama nayo ilikuwa Jumatano. Nikaamua nitamwambia Rajabu Ijumaa, akitoka kuswali, kwa sababu Ijumaa alikuwa na furaha, nami nilitaka anisamehe akiwa na furaha.

Ijumaa hiyo, saa sita na robo, alianguka akitia udhu. Walipomleta alikuwa hai, lakini upande wa kuume ulikuwa umekufa ganzi na ulimi haukumtii. Daktari alisema ni kiharusi. Jioni ile ile nilimwambia habari ya Jumatano, nikiwa nimeinama karibu na sikio lake, nikamwambia na sababu ya habari hiyo kuchelewa. Alisikia, macho yake yaliniambia kwamba alisikia. Kilichokuwa ndani yake baada ya kusikia sikijui. Aliishi miezi kumi na mmoja na siku sita, na hakutamka neno tena.

Wanangu, chagueni ufundi. Nasema hivyo leo bila koti. Lakini msikubali kuchaguliwa ufundi uliooshwa mikono ili mzazi asione haya. Katika mtaa wenu yupo mtu, mwanamume au mwanamke, anayejua jambo ambalo haliko kwenye jedwali la ukutani. Mwulizeni mwalimu wenu kwa nini mtu huyo hajawahi kusimama mbele yenu. Mwalimu akiwaambia hana nafasi, nendeni mkamuulize mwenyewe.

Imebaki jambo moja, nalo nawaandikia hasa wale waliosoma kwangu zamani, ambao pengine watoto wao wataisoma karatasi hii.

Jumatano ya tano ya muhula ule wa tatu, baada ya kiharusi, Evelina na wenzake wanane walikuja Ngagara wakiwa na mota ndogo ya pampu, wameifunga nyuma ya baiskeli. Walisema kama fundi hawezi kwenda darasani, darasa limekuja. Nilimkalisha Rajabu kwenye kiti sebuleni, nikamvalisha lile shati. Mota ikawekwa mezani, ikawashwa. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha kwa mkono wake wa kushoto akaushika mkono wa Evelina, akaulaza juu ya mgongo wa mota, akaubandua, akaulaza tena upande wa chini. Akagonga meza mara tatu. Akageuza kiganja juu, akangoja. Akarudia yote kwa utaratibu ule ule: juu, chini, mara tatu, kiganja.

Watoto walikuwa na daftari magotini. Evelina akanigeukia.

“Madamu, anasema nini?”

Sikujua. Nilikaa naye karakanani miaka mingi, nina diploma ya umeme, na sikujua. Watoto tisa walikuwa wananitazama na kalamu mikononi, nami sikuweza, hata siku ile, kusema kwamba sijui.

“Anasema,” nikawaambia, “mota ikipata joto hata mkono usiweze kukaa, izimwe mara moja.”

Wakaandika. Rajabu akatikisa kichwa, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kadiri shingo yake ilivyoweza.

“Madamu,” Evelina akasema kwa sauti ndogo, “anakataa.”

“Amechoka,” nikasema. “Fungeni vitu vyenu.”

Kama yupo kati yenu aliyeihifadhi daftari hiyo, sentensi iko kwenye ukurasa wa Jumatano, chini ya jina la fundi Rajabu. Ifuteni. Si maneno yake. Na mkishaifuta, msiandike kitu badala yake.